Mpaka lini tutalinda historia kwa sheria ya 1964?

Wakuu, nina hasira na sitazunguka. Huku Bara magofu na majengo ya kale bado yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa 1979. Kwa sheria hiyo, jengo linalindwa moja kwa moja kama lilijengwa kabla ya 1863. La baada ya hapo linasubiri waziri alitangaze kwenye Gazeti la Serikali. Asipolitangaza, sheria hii haina habari nalo hata likiangushwa mchana kweupe.

Sasa pigeni hesabu. Old Boma ya Dar es Salaam, ya enzi za Sultani Majid, ilijengwa 1866 na 1867. Boma la Wajerumani Bagamoyo ni la 1897. Dar yenyewe imeanza kuwa mji miaka hiyohiyo ya 1860, maana yake majengo yake ya kihistoria karibu yote yanaishi kwa hisani ya waziri aliyepo. Huo ni ulinzi gani?

Halafu pesa. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, visiwa vyenye magofu ya miji ya kale ya Waswahili, ziliingia orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO 1981. Mwaka 2004 zikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, zikatoka 2014. Miaka kumi ya aibu! Na fedha za kuokoa kuta zile zilitoka Ufaransa, Japan, Marekani. Nawashukuru, lakini Husuni Kubwa, lile gofu la jumba la sultani pale Kilwa Kisiwani, ni ya kwetu. Bahari inaendelea kula ufukwe chini ya Gereza, ngome ya kale ya hapohapo Kilwa, na bahari haisubiri mfadhili.

Baadaye Kilwa ikakabidhiwa TAWA, mamlaka ya wanyamapori. Sina ugomvi na askari wao, na wageni wameongezeka, nakubali. Ila ukuta wa matumbawe unataka fundi wa chokaa. Ukiuziba kwa saruji unafungia unyevu na chumvi ndani, jiwe linaoza taratibu huku nje panang'aa. Mafundi wanaojua kazi hii wapo Kilwa kwenyewe, walifundishwa kwenye miradi hiyo ya wafadhili. Mradi ukiisha wanarudi kuvua. Kwa nini sheria isilazimishe kila eneo la urithi kuwa na mafundi wa kudumu wanaolipwa mshahara kama watumishi wengine?

Zanzibar wana sheria zao, lakini ugonjwa ni uleule. Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu la Mji Mkongwe, ya 1883, ilianza kumeguka 2012, watu wakaona, wakasema. Tarehe 25 Desemba 2020 ikaporomoka katikati ya ukarabati uliokuwa ukigharimiwa na Oman, ikaua watu wawili. Wawili, ndugu zangu, kwa jengo ambalo kila mtu alijua ni bovu.

Ninachotaka kiandikwe kwenye sheria, siyo kwenye hotuba za Siku ya Makumbusho. Huo mwaka 1863 ufutwe, jengo likitimiza miaka mia lilindwe lenyewe, na anayetaka kulibomoa ndiye ahangaike kuomba kibali. Na sehemu ya kiingilio, kwa asilimia inayotajwa, ibaki palepale kwa ukarabati, isipitie kokote.

Wabunge wa Kilwa, Bagamoyo, Pangani na Mikindani, nani kati yenu atapeleka muswada binafsi? Wenye namba zao wapigieni leo, muwaulize hivyohivyo.