Naomba ushauri: Tigrex kwenye PSP, makali yanaisha na upanga unadunda

Wakuu, habari. Niko Arusha, nacheza Monster Hunter Freedom Unite, gemu la kuwinda madubwana, kwenye PSP-3000 (kifaa cha gemu cha mkononi), na dubwana Tigrex amenigomea. Udhaifu wake wa umeme naujua. Akigonga ukuta meno yananasa, nafasi ya bure ya kumpiga kichwani. Shida ni makali, ambayo gemu huyaonyesha kwa rangi (bluu ni makali kuliko kijani): upanga mkubwa ukishuka chini ya kijani unadunda kwenye sehemu ngumu, na ule mdundo ndio unaokuacha wazi arudipo kwa kasi. Kinoo nacho kinataka utulivu, na yeye akiwa na hasira hana huruma. Ukizimia mara 3, kazi imekwisha.

Je, nitafute kwanza makali ya bluu, au nibaki na kijani chenye umeme? Na mtego wa kumkamata akiwa hai: nisubiri hadi achechemee ndipo nimalizie na mabomu 2 ya usingizi?

La pili, mwenzangu anataka PSP ya mtumba tuwinde wawili. Ameonyeshwa PSP E1000 kwa bei poa, lakini toleo hilo halina Wi-Fi, haliwezi kuungana na langu. Anayejua fundi wa Arusha au Moshi anayebadilisha kijiti cha analogi na kupima betri iliyovimba, aelekeze.