Ukoo wa Mzee Mbwana: faini ya Sudi

*Jumatatu*

Mwanaidi 19:04
Asalaam aleikum nyote. Ijumaa ndiyo mwisho wa faini ya Sudi. Hakimu alimpa siku 14, zimebaki nne. Elfu 20 au miezi mitatu jela. Someni mpaka chini kabla ya kuanza vibonzo.

Kassim 19:06
Nilipofika "elfu 20" macho yakaingia kiza 😂

Mwanaidi 19:09
Kuna wanaodhani akishapewa huduma ya jamii faini imekufa. Haijafa. Makosa ni mawili. La kioo cha tuktuk ndilo la huduma ya jamii, miezi sita pale shule, na fidia 12,000. La fujo ndilo la faini. Akifagia shule yote mpaka ing'ae, ile faini iko palepale.

Kassim 19:10
Wamuongezee na kupiga kengele basi, mkono anao 🔔

Kassim 19:10
Kengele ya mapumziko lakini. Ya asubuhi hataiwahi

Halima 19:12
🤣🤣 Kassim we

Halima 19:31
Hawezi kulipa kidogo kidogo?

Mwanaidi 19:38
Huombwa kwa hakimu, KABLA ya siku kufika. Anaenda rejista ya mahakama ya Shanzu na namba ya kesi, anaomba faili litajwe, anaeleza kipato chake. Akingoja Jumatatu ijayo atakuwa ni mtu aliyekaidi amri, si mtu anayeomba muda.
Na akiingia ndani huku sehemu imelipwa, siku hupunguzwa kwa kiasi hicho. Siku 90 kwa 20,000, kila elfu ni siku nne na nusu. Kulipa kidogo hakupotei, ila hakumzuii kuingia.

Swaleh 21:52
Ndio nafunga duka. Mbona hamtaji dhamana? Zile 15,000 taslimu ziko mahakamani mpaka leo. Kesi imekwisha, aliyeziweka anaweza kuomba zigeuzwe faini. Anakwenda mwenyewe na kitambulisho na risiti halisi, si picha ya simu. Hapo tunatafuta elfu tano tu.

Mwanaidi 21:55
Ndiko nilikokuwa naelekea. @Shangazi Zuhura risiti ina jina lako.

Kassim 22:10
Tiki za buluu hizo 👀

*Jumanne*

Mwanaidi 07:15
Shangazi umeamkaje. Tunangoja neno lako.

Mwanaidi 09:02
Watu 23 humu ndani na wanaosema ni wanne.

Shangazi Zuhura 10:20
Pesa zile za chama. Niliambiwa kesi ikiisha narudishiwa. Na za mabati sijaziona mpaka leo.

Kassim 10:21
Mabati tena 🙆🏾‍♂️

Halima 10:24
Shangazi, mabati yalikuwa ya baba yake, Sudi hayamhusu.

Shangazi Zuhura 10:25
Na Sudi mtoto wa nani?

Sudi 11:40
Shikamoo shangazi. Nitakurudishia.

Mwanaidi 11:41
Kwa hesabu gani Sudi? Asubuhi yote uko shule.

Swaleh 13:17
Nimekaa na Sudi jana. Pikipiki anaipata mchana tu, kwa hivyo mwenye pikipiki kakubali apewe hesabu ya 200 kwa siku badala ya 400. Mchana hadi usiku anaingiza kama 900. Toa mafuta 250, toa hesabu, zabaki 450. Siku 26 ni 11,700. Kodi ya chumba 3,500. Chakula 150 kwa siku, 4,500. Zabaki 3,700. Fidia akitoa 3,000 kwa mwezi anamaliza kwa miezi minne, na 700 ndio tokeni za umeme na sabuni. Hapo hakuna pancha, hakuna mvua, hakuna homa. Pesa ya shangazi haitoki kabla ya miezi hiyo minne kwisha, tusidanganyane.

Kassim 13:20
Na bando je? Tiktok itamkosa

Mwanaidi 13:22
Kassim nitakutoa.

Halima 14:05
Mimi nina 500. Nimtumie kwa simu yake?

Mwanaidi 14:06
USIMTUMIE! Ana deni la Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, 1,840. Pesa ikigusa tu inakatwa, inabaki hewa. Kuna mtu alishamtumia nauli ikaishia hukohuko. Ngoja nichukue ankara mahakamani, utalipa moja kwa moja, paybill 222222. Akaunti ni namba ya kwenye ankara. Ukiandika namba ya kesi au jina lake, pesa itaelea na sisi tutashinda kaunta. Ujumbe wa malipo usifutwe, risiti ichapishwe, nakala iingie kwenye faili.
Na asitokee mtu wa "nipe nikulipie ndani". Afisa wa probesheni, anayefuatilia huduma ya jamii, naye halipwi na sisi hata shilingi, kazi yake haina malipo.

Ami Rashidi 14:50
Fidia nimpelekee mwenye tuktuk? Namjua yule.

Mwanaidi 14:53
La ami, ipite mahakamani, tupate risiti. Ukimpa mkononi, kesho atasema hajaona kitu, na kwenye faili Sudi ataonekana hajalipa.

Swaleh 15:30
Jingine. Juzijuzi Sudi alikosa siku moja shule kwa homa, hakusema. Kesho apeleke karatasi ya zahanati kwa msimamizi wake pale shule, na mwenyewe apige simu. Siku zikipotea kimya msimamizi huripoti, afisa anarudisha faili kwa hakimu, na ile huduma inaweza kufutwa ahukumiwe upya kwa kosa lilelile. Akihama chumba pia aseme kwanza.

Sudi 16:12
Sawa kaka.

Shangazi Zuhura 16:40
Nyote mnajua sheria. Pesa ya nani, hamjui.

Babu Mbwana 18:33
Zuhura. Mtoto hafungwi na pesa iko mahakamani. Toa risiti. Mabati ni deni langu mimi, njoo nyumbani tuyazungumze, si huku.

Mwanaidi 20:58
Tumekusikia babu.

Ami Rashidi 21:03
🙏

*Jumatano*

Mwanaidi 06:30
Zinazohitajika 5,000. Mimi 1,000, Swaleh 1,500, Halima 500. Bado 2,000. Ankara naichukua leo asubuhi.

Kassim 08:15
Niandike 300. Mwisho wa mwezi.

Mwanaidi 08:16
Ijumaa, Kassim. IJUMAA.

Shangazi Zuhura 12:47
Risiti iko kwenye bahasha. Kitambulisho nilikiacha Malindi kwa Mwanahawa. Anayetaka niende Shanzu alete nauli ya kukifuata. Na chama wanakutana Jumapili, nataka niwaambie mtalipa lini.

Mwanaidi 12:49
Nani yuko Malindi leo?

Halima 17:20
Mwanahawa simu yake imezimwa.