Mwanangu kaitwa "kuku wa kisasa" getini mbele za watu, na kitambaa cha kufutia kamasi ni kimoja kituo kizima!

MamaKijana_Dar (mwanzisha uzi)

Sitaki salamu leo. Ndiyo kwanza narudi nyumbani, mtoto nimemlaza, homa 38.9, nimempa parasetamo ya maji na sasa hivi anakoroma kwa makamasi. Mkiona herufi zimeruka msinisahihishe, mikono inatetemeka.

Mnamjua. Wa huku kwetu wote mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule madamu wa kituo cha kulelea watoto cha geti la kijani, anayeongea na wazazi kwa sauti ya paredi, anayepandisha ada kila muhula bila hata kikaratasi.

Mwanangu ana mwaka na miezi minane. Kabla ya kumpeleka pale, homa alikuwa anaijua siku ya chanjo tu, tena kidogo. Tumemuanzisha Januari. Toka hapo ni mafua, kikohozi, macho mekundu, kuhara, vidonda vya mdomo, mafua tena. Yale ya kwanza hayajaaga, ya pili yanapiga hodi. Dada wa duka la dawa akiniona tu navuka barabara anaanza kushusha chupa. Nyumba nzima tunakohoa, hadi baba yake, hadi bibi yake aliyekuja kutusalimia akarudi Morogoro anakohoa, na nasikia huko Morogoro sasa anakohoa mtaa mzima.

Haya yote nilikuwa nayavumilia. Leo hapana.

Saa nne asubuhi napigiwa simu, njoo umchukue mtoto. Nipo kwenye kikao, bosi ananiangalia, nimetoka hivyo hivyo, nikapanda bodaboda. Nafika getini kuna wazazi wengine, kuna dereva wa basi la watoto, kuna mama muuza maandazi. Madamu kambeba mwanangu kwa mkono ulionyooka, kamuweka mbali na kitenge chake, ananikabidhi huku anasema, tena kwa sauti ili wote wasikie: "Mama, wewe umetuletea kuku wa kisasa. Angalia wenzie wa kienyeji wanavyodunda."

Kuku wa kisasa. Mtoto wangu. Niliyembeba miezi tisa.

Watu wakacheka. Muuza maandazi kacheka hadi kashika kiuno. Na mwanangu, macho mekundu kwa homa, midomo imekauka, kaona watu wanacheka na yeye akacheka. Jamani. Akacheka na vijino vyake sita mbele, hajui kama anachekwa yeye.

Sasa niwaambie huyo "kuku" kaumwa wapi. Pale kituoni kuna kitambaa. KIMOJA. Kimetundikwa kwenye msumari mlango wa choo, zamani kilikuwa cheupe. Dada akiona kamasi anakivuta, anafuta huyu, anafuta yule, anamfuta mdomo aliyekula uji, anakirudisha kwenye msumari. Nimeona kwa macho yangu. Watoto zaidi ya ishirini kitambaa kimoja, halafu mimi ndiye niliyeleta ugonjwa!

Na vikombe. Tuliambiwa kila mtoto alete chake, tukabandika plasta yenye jina. Wiki iliyopita mwanangu karudi na kikombe cha njano, plasta ina jina la mtoto mwingine, na huyo mtoto mwingine mama yake aliniambia getini kwamba ana vidonda mdomoni na vipele viganjani. Baada ya siku chache na wangu hali chakula, analia akiona kijiko, viganja vina vipele. Nikamuuliza madamu. Akasema ni meno yanaota. Meno yanaotea kwenye viganja?

Halafu huyo ndiye wa kuniambia kuku wa kisasa. Mbele ya muuza maandazi! Nashindwa hata kukaa.

Mzee_wa_Mbagala

Nimevuta kiti. Muuza maandazi naye yumo humu? Tunataka upande wa pili.

dada_Salma

Pole mama. Geti la kijani namjua, mwanangu alipita hapo. Mwanzoni mwa 2024 macho mekundu yalipolipuka Dar, wizara imetangaza, redio zinapiga kelele tusishikane mikono, yeye kitambaa kilikuwa kwenye msumari huo huo. Wangu aliamka kope zimegandana, hafumbui. Nilimtoa siku hiyo hiyo.

Fundi_Selemala

Kuku wa kisasa anataka joto la taa na maji yenye vitamini wiki ya kwanza. Umemuwekea?

MamaKijana_Dar

Fundi, mtoto anaumwa. Kama huna la kusema pita.

Chuma_cha_Reli

Wazazi wa siku hizi bwana. Sisi tulikula udongo, tulikunywa maji ya kisima, kamasi tulifuta kwa mkono wa shati, na tupo. Huyo madamu kasema ukweli ila kakosea mahali pa kusemea.

Nesi_wa_Zamu

Chuma, mliopo ndio mnaosimulia. Waliozolewa na surua hawana akaunti humu. Kabla chanjo hazijaenea, surua na kuhara zilikuwa zinamaliza watoto kwenye nyumba moja, uliza wazee wako vizuri.

Mama mtoto, nisikilize. Mtoto anayeanza kuchanganyika na wenzie anaweza kupata mafua mara nane hadi kumi na mbili kwa mwaka mmoja, na bado ni mtoto mzima. Virusi vya mafua viko vya aina zaidi ya mia, mwili wake unakutana navyo kwa mara ya kwanza, kimoja kimoja. Aliyekaa nyumbani atakuja kukutana navyo akianza darasa la awali. Siyo kuku wa kitu chochote.

Vidonda vya mdomo na vipele vya viganjani ulivyoeleza ni ugonjwa unaoitwa wa mkono, mguu na mdomo. Unapita kwa mate, kamasi na kinyesi, na kwenye kinyesi kirusi kinaendelea kutoka wiki kadhaa baada ya mtoto kupona. Kwa hiyo dada akibadilisha nepi halafu akashika vikombe bila sabuni, mmekwisha. Dawa yake hakuna, unapunguza maumivu, unampa vya baridi na maji ya kutosha hadi upite wenyewe.

Na hiyo homa ya leo usiitibu kwa duka la dawa peke yake, kapimwe malaria. Akikataa kunyonya na kunywa, akitapika kila kitu, akishikwa degedege, akilegea asiamke, au akipumua mbio, yaani mara 40 na zaidi kwa dakika kwa umri wake, au mbavu zinazama akivuta pumzi, usisubiri asubuhi.

MamaKijana_Dar

Asante sana nesi, Mungu akubariki. Anakunywa, nimehesabu pumzi, haijafika huko. Malaria tulipima njiani wakati tunarudi, hana. Lakini nesi, hata wewe ungeambiwa kuku wa kisasa mbele za watu? Angeniita chemba akasema mama mtoto anaumwa mara kwa mara, ningeelewa. Kwa nini getini?

Bibi_Harusi2019

Huyo ana kimeo. Kikohozi kisichoisha ni kimeo kirefu, kile kinyama kinachoning'inia kooni. Kuna mzee anakata dakika moja tu.

Nesi_wa_Zamu

Usimpeleke mtoto kukatwa kimeo. Usimpeleke. Wanaletwa kwetu wanavuja damu, wengine wameoza koo, wengine hawafiki. Kimeo hakileti kikohozi.

Bibi_Harusi2019

Nimetoa mawazo tu mbona ukali.

Kapeto

Mimi nikienda hospitali mtoto ana mafua, wanasema UTI, ya njia ya mkojo. Ana kikohozi, UTI. Kaanguka kwenye ngazi kavimba paji la uso, mkojo umepimwa, UTI. Nchi hii kuna ugonjwa mmoja tu na unauzwa na chupa ya dawa ya kuchanganya na maji ya kuchemsha.

dada_Salma

Kapeto umenigusa! Na ukitoka bila antibaiotiki unaona kama hujatibiwa. Wangu alikunywa amoksilini kwa kila mafua hadi nikakutana na daktari mmoja akanifokea, akaniambia virusi havifi kwa hiyo dawa, unawafundisha tu bakteria kuizoea.

Teacher_Anonimasi

Mimi nafanya kazi kwenye kituo, siyo hicho cha geti la kijani. Naomba na sisi tusikilizwe. Nyie wazazi mnajua mnachofanya. Mtoto kaamka anachemka, saa kumi na moja alfajiri mnamminia parasetamo, saa moja mnamleta amepoa anacheka, "jana alilala vizuri tu". Saa nne dawa inaisha nguvu, homa inarudi, tayari ameshachezea kila mwanasesere. Ukipiga simu haipokelewi. Ukiipata unaambiwa nipo kikaoni. Kuna mzazi alituletea mtoto mwenye tetekuwanga, kapaka poda akasema ni joto. Vipele vilikuwa vibichi vina maji! Tetekuwanga inaambukiza hadi kila kidonda kikauke kiwe gamba, na wengine wanakuja kuonyesha baada ya wiki mbili tatu. Mwezi mzima tulikuwa tunapokea simu za matusi. Mishahara yetu mnaijua?

MamaKijana_Dar

Wangu leo aliamka mzima, amekula uji, sikumpa dawa yoyote. Na hata angeumwa, ndiyo aitwe kuku? Wewe teacher ungemuita mtoto kuku?

Teacher_Anonimasi

Kuku hapana. Hilo amekosea. Lakini hiyo ya parasetamo wajibuni walio humu, maana naona kimya.

Kapeto

Kimya kimetanda kweli, hadi Chuma cha Reli kapotea.

Wakili_Mtaani

Teacher, wazazi wanaminia dawa kwa sababu ya mabosi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 4 za kulipwa mtoto akiugua, na siku hizo hizo ndizo za msiba wa mzazi au mwenza. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anazimaliza kabla ya Pasaka. Likizo ya uzazi siku 84. Mama anarudi ofisini mtoto hata kukaa hajui.

Na mwenye uzi, kituo cha kulelea watoto wadogo mchana kinatakiwa kisajiliwe, Sheria ya Mtoto ya 2009, chini ya Kamishna wa Ustawi wa Jamii. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, mwambie habari ya kitambaa na vikombe. Waje wakione kwenye msumari.

Mama_Pacha

Bosi wangu mimi aliniuliza, "kwani mtoto wako hana bibi?" Bibi yake mwenyewe ni mwajiriwa!

Dereva_Coaster

Wangu alinikata siku nzima kwa kuchelewa saa moja, nimetoka kumpeleka mtoto kuongezewa maji kwa kuhara. Nikamuonyesha karatasi ya hospitali akaniambia gari halisukumwi na karatasi.

Nesi_wa_Zamu

Dereva pole. Kuhara akianza tu mpe ORS, ile poda ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, kidogo kidogo kwa kijiko, na zinki kila siku kwa kipimo cha umri wake, siku 10 hadi 14 hata akiacha kuhara. Wengi hawafiki kwenye dripu.

Fundi_Selemala

Samahani kutoka nje ya mada, anayejua vifaranga vya nyama wanauza bei gani sasa hivi? Nimekumbuka banda langu limekaa tupu.

Mzee_wa_Mbagala

Fundi usinunue kabla hujajipanga na chanjo. Mdondo siku ya saba, Gumboro siku ya kumi na nne, halafu rudia. Mimi nilizika banda zima.

MamaKijana_Dar

Jamani uzi wangu mmegeuza banda??? Mimi hapa sijalala, huyu mwanamke kanidhalilisha getini, wanangu wawili wote wamepita kwake, ada silali deni hata siku moja!

Mama_Pacha

Umesema ada. Hivi huko kwenu na nyie mnatozwa mahafali? Wangu wana miaka mitatu, nimeletewa karatasi: joho, kofia, picha, keki, usafiri wa mgeni rasmi.

dada_Salma

Mahafali!!! Usinikumbushe. Kila muhula rimu mbili za karatasi, ufagio, sabuni ya maji lita tano, toilet pepa kumi. Lita tano za sabuni mara watoto ishirini ni pipa, na chooni kwao hakuna sabuni. Inaenda wapi?

Kapeto

Inafungua duka.

Teacher_Anonimasi

Sabuni zinawekwa stoo kwa madamu, sisi tunapewa kipande. Hata mimi nauliza zinaenda wapi.

Dereva_Coaster

Joho la mwanangu lilikuwa elfu thelathini na tano ya kukodi, siyo kununua. Kakojoa nalo jukwaani kabla jina halijaitwa, wakanidai na ya kufulia.

Mama_Pacha

Sasa wangu ni mapacha. Nimeomba punguzo, nimeambiwa keki ni moja ila mabega ni manne.