Mrejesho: mibangi yangu mitatu ya Hamburg

Ndugu zangu, mwezi Mei niliwauliza iwapo mibangi inaweza kukomaa nje huku Hamburg, kwa kuwa tangu Aprili 1, 2024 sheria ya Ujerumani inamruhusu mtu mzima kupanda mitatu nyumbani kwa matumizi yake mwenyewe. Nawashukuru nyote, hasa aliyenifafanulia kwamba aina za kawaida husubiri siku zifupike ndipo zichanue, jambo ambalo huku kaskazini, ambako mchana wa Juni hudumu takriban saa 17, huchelewa hadi Agosti. Kwa ushauri huo nilipanda mmoja wa kawaida na miwili ya aina inayochanua kwa umri wake bila kujali urefu wa mchana.

Hiyo miwili, ingawa ni mifupi kama mchicha uliokomaa, niliivuna salama mwishoni mwa Agosti. Ule wa kawaida ulistawi kupita kiasi, lakini mvua za Oktoba ziliuletea ukungu wa kijivu ndani ya maua, nikatupa zaidi ya nusu. Kuufunika kwa nailoni, kama wengine mlivyopendekeza, kulizidisha unyevu tu. Mwakani nitapanda aina ya mapema yote mitatu.