Muuzaji wetu anahamia nyumba ambayo bado inajengwa: tusubiri, tusaini kwa notisi, au tumwombe akapange?

Mpangaji_Reading
Wakuu, heshima kwenu. Mimi na mume wangu tumekubaliwa bei ya nyumba hapa Reading, vyumba vitatu, pauni 340,000. Ndiyo ya kwanza kwetu. Tatizo ni anayetuuzia: ananunua nyumba mpya kwenye mradi upande wa Didcot, na hiyo nyumba haijaisha. Dalali anasema itakuwa tayari majira ya kuchipua. Ukimbana anasema labda mwanzoni mwa kiangazi. Sisi ni wapangaji, kodi inakwenda mwezi kwa mwezi, barua ya mkopo tunayo ya miezi sita, na sehemu kubwa ya arabuni yetu iko kwenye LISA (akaunti ya akiba ya nyumba ya kwanza, serikali inaongezea bonasi).

Tunaona njia tatu. Tusisaini kitu mpaka nyumba yake iishe, ndipo wote tubadilishane mikataba (yaani kujifunga kisheria) na kupanga siku ya funguo. Au tubadilishane mikataba sasa, siku ya funguo iachwe wazi, na mjenzi akimpa yeye notisi ya siku kumi za kazi naye atupe sisi. Au tumwombe ahame akapange kwa muda, atupe tarehe inayojulikana. Mume wangu anaongeza ya nne: tuachane nayo. Mngekuwa nyie mngeshika ipi?

Mzee_Leicester
Dada, kabla ya kulinganisha njia, jua kwanza nyumba ya huyo bwana imefika wapi. Usimuulize dalali, yeye anaangalia kamisheni yake. Wakili wako amwandikie wakili wa muuzaji. Makampuni ya ujenzi huku yana desturi yao: msingi haujakamilika, wanakutajia robo ya mwaka. Paa likishaezekwa, wanakutajia mwezi. Maji na umeme vikiunganishwa na rangi ikipakwa, ndipo wanataja wiki. Mtu anayekutajia majira ana wasiwasi hata wa paa. Kama paa hakuna, hiyo njia ya pili ni kamari. Kama wanafunga makabati ya jikoni, hata mimi ningesaini.

Tena Jumamosi moja nendeni Didcot wenyewe. Kwenye ofisi ya mauzo kuna ramani ya mradi ukutani, kila nyumba na namba yake. Macho yenu yatawaambia mengi kuliko simu kumi za dalali.

Kisauni_Slough
Njia ya kwanza ifute tu. Wajenzi wengi wakishapokea ada ya kushikilia nyumba wanamtaka mnunuzi abadilishane mikataba ndani ya siku 28 hivi. Sasa huyo muuzaji wako hawezi kujifunga kwa mjenzi kama wewe hujajifunga kwake, atabaki na deni la nyumba mpya na ya zamani haijauzwa. Ukimwambia utasubiri mpaka iishe ndiyo usaini, atatafuta mnunuzi mwingine. Na huku England, bila mikataba kubadilishwa, halazimiki na lolote mliloongea, wala nyinyi hamlazimiki.

Karani_Mikataba
Nafanya kazi kwenye ofisi ya mawakili wa nyumba, nitagusa njia ya pili maana ndiyo inayoumiza watu, na ndiyo hiyohiyo inayokwenda salama ikiandikwa vizuri.

Mkataba wa notisi mara nyingi unakuwa umeandikwa na mjenzi kwa faida yake, kisha unateremshwa mpaka kwako bila kuguswa. Ndani yake kuna tarehe ya ukomo, siku ya mwisho ya kukamilisha, na mjenzi hujiwekea ya mbali, pengine miezi sita baada ya siku anayotarajia, pengine zaidi. Muuzaji atataka ukomo huohuo kwako. Lakini barua yako ya mkopo ni ya miezi sita na imeshaanza kuhesabika. Ikiisha kabla notisi haijaja, mkataba umekufunga na hela ya kununulia huna. Arabuni ya asilimia kumi kwenu ni 34,000. Hiyo inaweza kupotea, na bado ukadaiwa hasara juu yake. Kwa hiyo ukomo wako uwe kabla barua haijaisha, hata kama wa muuzaji na mjenzi ni wa mbali zaidi, na iandikwe wazi kwamba ukipita una haki ya kujitoa na kurudishiwa arabuni yote. Wakili wa muuzaji atanung'unika. Mwache anung'unike.

Arabuni yenyewe pia iangalieni. Masharti ya kawaida ya mauzo yanamruhusu muuzaji kuichukua arabuni yenu na kuitumia kama arabuni ya nyumba anayonunua yeye. Anayemuuzia yeye akiwa mwenye nyumba wa kawaida, halina neno. Akiwa mjenzi, ombeni ibaki kwa wakili wa muuzaji mpaka siku ya funguo. Kwa masharti hayohayo, hatari ya nyumba inahamia kwenu tangu siku ya kubadilishana mikataba, kwa hiyo mtalipia bima ya jengo miezi yote hiyo huku mwingine analala ndani.

Halafu LISA. Hapo ndipo niliposhtuka. Wakili akishapokea hela ya LISA, ununuzi unatakiwa ukamilike ndani ya siku 90. Usipokamilika, hela inarudi kwenye akaunti. Muda unaweza kuombewa nyongeza, ila si jambo la kulitegemea. Mkitoa LISA kama arabuni leo na nyumba ya Didcot ikachelewa, mtakuwa mnakimbizana na tarehe mbili badala ya moja.

Mpangaji_Reading
Karani, asante sana, hili la siku 90 hakuna aliyetuambia, hata mshauri wa mkopo. Nje ya LISA tuna kama 18,000 tu.

Karani_Mikataba
Basi ombeni kubadilishana mikataba kwa asilimia tano, 17,000, hela ya kawaida, LISA isiguswe. Lakini mjue: mkishindwa kukamilisha na mkapewa notisi rasmi, mnaweza kudaiwa iliyobaki kufikia asilimia kumi. Hiyo asilimia tano inawapunguzia cha kutoa leo tu.

Na LISA ikae nje mpaka lini? Watoa akaunti wengine huchukua wiki kadhaa kulipa, na notisi yenu ni siku kumi za kazi. Hamwezi kungoja notisi ndiyo mwombe. Inabidi mwombe pale mjenzi anapoanza kutaja wiki, si mwezi, ili siku 90 ziwe na nafasi ya kupumua.

Dereva_Northampton
Kwa nini asiombe notisi ya siku ishirini badala ya kumi? Tatizo limeisha.

Karani_Mikataba
Mkuu, muuzaji anahitaji hela ya nyumba ya Reading ndiyo alipe Didcot, siku hiyohiyo. Mjenzi akimpa kumi, naye hawezi kukupa ishirini, labda mjenzi akubali kulegeza. Kuomba si vibaya, wengine hukubali kumi na tano. Ila mjenzi anayefunga hesabu za nusu mwaka hana huruma na mnyororo wa mtu, yaani wauzaji na wanunuzi wanaongojeana.

BintiTanga_MK
Mimi ni wa njia ya tatu na sitetereki. Tarehe inayojulikana ina thamani yake, ilipieni. Mwambieni muuzaji: hama, kapange miezi minne, sisi tunaongeza pauni elfu tatu kwenye bei. Nyinyi mnapata tarehe, mnatoa notisi kwa mwenye nyumba wenu kwa utulivu, LISA inatoka kwa wakati wake. Huo wasiwasi wote wa ukomo unabaki kwake na mjenzi wake, ambako ndiko kwao.

Maana hamjalipigia hesabu hili: nyinyi ni wapangaji. Siku kumi za kazi ni wiki mbili. Kwa mkataba wa mwezi kwa mwezi mnadaiwa notisi ya mwezi mmoja, na sheria mpya ya wapangaji ya 2025 inaifanya miezi miwili kuanzia tarehe 1 Mei 2026. Huyo bwana akichelewa mpaka kiangazi, mtalipa kodi na mkopo kwa pamoja karibu mwezi na nusu. Hiyo peke yake inakaribia elfu tatu niliyoitaja.

Kisauni_Slough
Dada BintiTanga, hapo umenipata kwenye kodi. Lakini huyo muuzaji akikubali kupanga mimi nitashangaa. Watoto, shule, fanicha kwenye ghala, kuhama mara mbili. Halafu kama ana mkopo wa riba nafuu wa zamani anaotaka kuuhamishia nyumba mpya, benki nyingi hutoa muda mfupi tu kati ya kuuza na kununua. Ukipita, anapigwa faini ya kulipa mkopo kabla ya wakati, na inaweza kufika maelfu. Elfu tatu yako haitamgusa.

BintiTanga_MK
Basi muulizeni hilo la mkopo kwanza. Kama hana mkopo wa kuhamisha, na mama yake anakaa hapohapo Reading, mtanikumbuka.

Dereva_Northampton
Na usisahau ushuru wa stempu, kodi ya serikali anayolipa mnunuzi wa nyumba. Rafiki yangu alikuwa kwenye mnyororo wa namna hii, nyumba aliyokuwa anahamia muuzaji wake ilikuwa mpya, anaambiwa Februari, Februari, ikaja kuisha Aprili 2025. Mpaka tarehe 31 Machi mwaka ule mnunuzi wa mara ya kwanza halipi kitu hadi 425,000. Kuanzia tarehe 1 Aprili kiwango kikashuka hadi 300,000. Kinachohesabiwa ni siku ya funguo, hata kama mikataba mlibadilishana mapema. Nyumba yake ilikuwa ya 400,000, akalipa elfu tano kwa sababu ya vigae vya bafu la mtu mwingine. Kwenu kwa 340,000 ni elfu mbili, ziwekeni pembeni.

Mzee_Leicester
Hapohapo kwenye mnunuzi wa mara ya kwanza, tuulizane kindugu: hamna nyumba Bongo? Hata ya urithi, jina likiwa pamoja na ndugu? Maana msamaha wa ushuru na bonasi ya LISA vyote vinataka uwe hujawahi kumiliki nyumba popote duniani. Kiwanja kitupu hakina shida, nyumba ndiyo yenye shida. Watu wengi wetu wanajaza fomu wakifikiria Uingereza tu.

Mpangaji_Reading
Mzee, tuna kiwanja Kibaha, nyasi tupu. Tumepona.

Nimerudi na majibu. Tulikwenda Didcot. Paa lipo, madirisha yapo, ndani wanapiga plasta. Ofisi ya mauzo wamekataa kututajia mwezi kwa vile sisi si wateja wao, ila wakili wa muuzaji ameandika kwamba mjenzi anataja Mei. Na ndiyo, bwana ana mkopo anaouhamisha, kupanga amekataa kabisa, hata tulipotaja hela. Barua yetu ya mkopo inaisha mwishoni mwa Julai.

Kisauni_Slough
Basi ni njia ya pili au mlango.

Karani_Mikataba
Kwa hali hiyo ningesaini, kwa sharti la ukomo usiozidi katikati ya Julai. Mwezi Mei ukiteleza mpaka Juni, bado mna nafasi. Msikubali ukomo wa siku ileile barua inapoisha, benki inahitaji siku zake za kutoa hela. Muulizeni mshauri wa mkopo leo, kwa maandishi, kama benki huongeza muda wa barua na kwa masharti gani. Nyingine huongeza, nyingine hukuanzisha upya kwa riba ya siku hiyo. Na upekuzi wa halmashauri (wakili kuuliza kumbukumbu zao kuhusu nyumba), benki nyingi hawataki uwe umepitisha miezi sita, kwa hiyo wakili asiuagize mapema kupita kiasi.

Kumbukeni pia kwamba plasta kuisha siyo nyumba kuisha. Muuzaji hawezi kukamilisha mpaka mkaguzi wa majengo apitishe na cheti cha dhamana ya miaka kumi kitoke, maana benki yake haitatoa hela bila hivyo. Hapo ndipo wiki mbili hupotea bila mtu kulaumiwa.

BintiTanga_MK
Wakikataa ukomo wa Julai je?

Karani_Mikataba
Hapo mume wake atakuwa alisema kweli: waachane nayo. Mpaka sasa wamelipia ukaguzi wa nyumba na sehemu ya wakili, inauma lakini inahesabika. 34,000 haihesabiki.

Mpangaji_Reading
Nimemtumia wakili: asilimia tano, ukomo tarehe 15 Julai, arabuni isipande kwa mjenzi, notisi ya siku kumi na tano kama mjenzi atakubali. Dalali ameshapiga simu mara mbili kuuliza kwa nini tunafanya mambo yawe magumu.

Mzee_Leicester
Usipokee mpaka wakili ajibu.