Wakuu, niuze kiwanja cha mama nimtibu mdogo wangu, au nisiuze?

Mama Wawili · Jumanne, saa 4:12 usiku

Wakubwa shikamooni, wadogo habari zenu. Naandika nimejifunika khanga ili mwanga wa simu usiwaamshe watoto, nikikosea mnisamehe.

Nina mdogo wangu wa kiume, miaka 27. Alikuwa anaendesha bodaboda ya mkataba, hesabu elfu kumi kwa siku, imebaki miezi minne chombo kiwe chake. Mwezi wa tatu akaanza kukosa usingizi. Akawa anasema abiria anaowapakia wametumwa kumchunguza. Hesabu ikasimama, tajiri akachukua pikipiki yake. Sasa yupo nyumbani, hata siku ya leo haijui.

Kuna mtaalamu wa tiba za asili amesema ni kitu alichotupiwa na wenzake wa kijiweni. Anataka milioni moja na laki nne, na mbuzi mweusi. Hatuna. Tulichonacho ni kiwanja cha marehemu mama, ishirini kwa ishirini, ndicho pekee alichotuachia. Mteja yupo. Swali langu ni moja tu, niuze au nisiuze? Msinitukane jamani, nimechoka.

Kisiki cha Mpingo · 4:20

Usiuze ardhi. Mimi niliuza shamba 2014 nikaoa. Mke akaondoka 2016. Lile shamba leo ni kituo cha mafuta, kila nikipita na daladala natazama upande wa pili.

Shemeji Mpole · 4:23

Huyo mbuzi akishatibu, nyama anakula nani? Mie naomba paja.

Mtumishi J · 4:31

Dada, naongea kwa upendo. Vijana wa vijiweni wanavuta bangi usiku na mchana, wakichanganyikiwa tunasingizia wachawi. Fungeni siku saba familia nzima, mpelekeni kwenye maombi. Hela haihitajiki hapo.

Mama Wawili · 4:35

Mdogo wangu havuti. Hata sigara hajawahi.

Mkulima wa Bonde · 4:48

Mimi ni mkulima mdogo wa miwa, Kilombero. Mwezi wa tano, kiwanda kikiwa hakijafungua msimu, mimi si mtu. Mke wangu akiniuliza chumvi nasikia kama nimetukanwa. Mwaka juzi nilisaini karatasi ya mkopo bila kusoma riba, mimi ambaye kikundini ndiye mweka hazina! Nikishalipwa miwa, akili inarudi yenyewe.

Nilidhani ni mimi peke yangu. Baadaye nikasoma kwamba mwaka 2013 jarida la Science lilitoa utafiti wa wakulima wa miwa 464 wa Tamil Nadu, India. Mkulima alipimwa kwa mafumbo ya kufikiri kabla ya mavuno akiwa hana kitu, akapimwa tena yeye yuleyule baada ya mavuno akiwa na hela. Kabla ya mavuno alifanya vibaya zaidi. Mtu ni yule, kichwa ni kile, kilichobadilika ni mfuko. Dada, wewe sasa hivi uko kabla ya mavuno. Usiuze kitu wiki hii.

Nesi Mstaafu · 5:02

Mwanangu pole. Nimefanya kazi wodi ya akili miaka 19. Naomba uniambie, mdogo wako amewahi kuumwa hivi kabla ya mwezi wa tatu?

Mama Wawili · 5:06

Aliwahi, miaka miwili iliyopita. Tulimpeleka hospitali, haikusaidia. Ndiyo maana nauliza kuhusu kiwanja.

Nesi Mstaafu · 5:08

Haikusaidia, au iliachwa? Itafute kadi yake ya kliniki, unisomee tarehe ya mwisho.

Shemeji Mpole · 5:10

Mirembe hiyo, mama. Tiketi ya Dodoma moja.

Nesi Mstaafu · 5:13

Kijana, Mirembe ni hospitali kama nyingine, imetibu watu tangu enzi za Mwingereza, na wengi wamerudi makazini mwao. Tena si kila mgonjwa wa akili ni wa kupelekwa Dodoma. Mwache dada atafute kadi.

Mama Wawili · 5:41

Kadi ninayo. Ina mihuri kumi na moja, wa mwisho Novemba.

Alikuwa anachomwa sindano ya mwezi. Alikuwa amepona, bibi, kabisa, ndipo akaaminiwa ile pikipiki. Nauli ya mkoani nilikuwa natoa mimi, elfu kumi na sita kwenda na kurudi. Na siku ya kliniki haingizi hesabu, kwa hiyo sindano ya bure ilikuwa inatugharimu elfu ishirini na sita. Mara mbili tulifika tukaambiwa dawa imeisha, kanunueni nje. Desemba binti yangu alikuwa anajiandaa kuingia kidato cha kwanza, sare, godoro, ndoo, madaftari. Nikamwambia mdogo wangu, mwezi huu turuke, mbona uko vizuri. Akasema sawa dada. Januari sikumkumbusha.

Sikuandika mwanzoni kwa sababu nilijua mtasema ni mimi.

Lakini huyu mtaalamu nimemwona kwa macho yangu, watu wanapona pale. Na arbuni ya kiwanja nimeshapokea laki tatu, laki na nusu imeshakwenda kwenye marejesho. Nitarudishaje?

Kisiki cha Mpingo · 5:44

Marejesho ya nani? Na mteja wa kiwanja ni nani?

Mama Wawili · 5:47

Ni baba mmoja anatukopesha akina mama pale stendi. Mteja ni yeye. Msimseme vibaya, ndugu zangu wa damu hawajaja, yeye alikuja.

Kisiki cha Mpingo · 5:49

Kausha damu huyo, mkopeshaji wa riba ya kunyonya. Alikuja kuangalia kiwanja, dada.

Nesi Mstaafu · 5:58

Mwanangu, nisikilize. Dawa ya ile sindano hukaa mwilini wiki kadhaa, haitoki siku moja. Ukiruka mwezi mmoja huoni kitu, unasema kumbe hata haikuwa na kazi. Ugonjwa unarudi polepole, usingizi ndio unatangulia kupotea. Ndiyo maana Januari ilipita salama, na Machi ikaja na majibu. Nimewapokea wengi wodini waliorudi hivyo. Nikiuliza nini kilikatika kwanza, ni nauli. Halafu akiumwa kazi inakwenda, kazi ikienda hata nauli ya kumrudisha kliniki haipo. Hicho ndicho alichotupiwa.

Kuna jambo huenda hukuambiwa. Kwa sera ya afya, mgonjwa wa akili ni wa msamaha wa gharama. Ukiambiwa ulipe na huna, uliza ofisi ya ustawi wa jamii palepale hospitali. Na hospitali ya wilaya waulizie mratibu wa afya ya akili, uombe kliniki ihamishiwe karibu. Mganga ukimtaka utamwona baadaye, kiwanja kikiwa chako bado.

Sasa niambie, usiku huu yuko wapi?

Mpelelezi wa Mtaa · Jumatano, 6:10 usiku

Subirini kwanza. Akaunti imefunguliwa juzi. Kisa kinatoka vipandevipande, mganga, kiwanja, mkopo, kadi, kila tukipoa kinaongezwa. Nimeshaona nyuzi za namna hii, kesho inawekwa namba ya kutumiwa hela. Hii chai, na sukari mmemtilia wenyewe.

Shemeji Mpole · 6:12

Nilikuwa nimeanza kuamini, ona sasa. Weka picha ya kadi.

Mkulima wa Bonde · 6:15

Kadi ya mgonjwa iwekwe hapa ili iweje? Jina la mtu lisambae?

Mpelelezi wa Mtaa · 6:17

Basi ajibu swali la bibi. Yuko wapi usiku huu? Mbona hapo kanyamaza?

Mama Wawili · 6:39

Sijaomba hata shilingi. Someni tena.

Yuko chumba cha mkaa. Wiki iliyopita alitoka usiku akasimama katikati ya barabara kuu kuongoza malori. Mimi kazi yangu inaanza saa kumi alfajiri, nikikosa kuwasha moto siku moja hatuli, na hakuna wa kukaa naye. Nimemfunga mguu wa kulia kwa mnyororo wa geti, na kufuli. Umemchubua, panatoa maji. Mchana namletea wali, anakula vizuri. Usiku kama sasa nasikia kisigino kinagonga sakafu. Nilidhani anajipiga, nikaenda na tochi. Kumbe amekaa kwenye debe, mikono ameinyoosha mbele, ule mguu mwingine anabadilisha gia.

Mnataka picha ya hicho?

Mpelelezi wa Mtaa · 6:52

Uliofungwa ni wa kulia, umesema. Wa kushoto ndio anaochezesha.

Nimeendesha bodaboda miaka sita. Gia ni mguu wa kushoto. Mtu wa kutunga angefunga wowote tu. Dada nisamehe. Kijiwe chetu tuna mfuko wa ajali na magonjwa, ingia inboksi uniambie wilaya, nitatafuta wenzetu wa huko.

Mtumishi J · 6:58

Maneno ya bangi nayafuta. Mdogo wangu naye alifungwa, miaka ya tisini. Nyumbani hatukutaja jina lake kwa wageni.

Nesi Mstaafu · 7:03

Huo mnyororo tutautoa, lakini usiutoe usiku ukiwa peke yako. Kukicha mwite mwenyekiti wa mtaa na jirani mmoja mwanaume anayeheshimiana naye, mchukue bajaji mpaka hospitali ya wilaya. Njiani usibishane naye kuhusu hao wanaomchunguza, mwambie tunakwenda kuosha kidonda, na hilo ni kweli. Nauli toa kwenye ile arbuni iliyobaki. Na wewe umelala mara ya mwisho lini? Zimbabwe kuna Daktari Dixon Chibanda, amewafundisha akina bibi kama mimi kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kumsikiliza mtu mwenye mawazo. Washona wana neno lao, kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Mimi sina benchi, nina simu. Nipigie nikikutumia namba.

Mama Wawili · Alhamisi, saa 8:20 mchana

Wakuu, tupo hospitali ya wilaya tangu asubuhi. Sindano ipo, amechomwa. Mratibu amesema kliniki wataihamishia hapa, nauli elfu moja na mia tano. Kumbe ingewezekana tangu mwanzo.

Arbuni sijarudisha. Yule baba amepiga mara nne, sijapokea, sijui nitamwambia nini. Mtaalamu naye sijamjibu.

Kidonda wamekisafisha. Wakati wanakiosha hakulia, alikuwa anatazama dirishani anasoma kwa sauti namba za pikipiki zinazopita, moja moja, mpaka wakamaliza.

Nesi Mstaafu · 8:26

Wamekuandikia urudi lini?

Mama Wawili · 8:27

Tarehe 19 mwezi ujao. Nimeiandika na ukutani, pale ninapopangia sufuria.