Nyumba haijapigwa plasta bado: nivute kebo gani ya intaneti, Cat5e, Cat6 au Cat7?

MamaNaima_Goba

Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri wenu kabla fundi hajaanza plasta.

Najenga Goba, nyumba ya chini, vyumba vitatu na sebule. Uani kuna kibanda cha vyumba viwili atakachokaa mdogo wangu. Tumeshapaua, kuta zimekatwa kwa ajili ya umeme, plasta inaanza wiki ijayo. Kazi zangu za uhasibu nazifanyia nyumbani, vikao vya video kutwa, na hapa nilipopanga waifai ya sebuleni ikifika chumbani haina nguvu tena. Kwa hiyo nataka waya ufike kwenye meza ya kazi, kwenye tivii na kwenye kamera mbili za nje.

Nimezunguka Kariakoo mpaka kichwa kimeuma. Duka la kwanza wanasema Cat5e inatosha, la pili Cat6, la tatu kijana ananiapia kwamba Cat7 ndiyo ya kisasa. Maboksi yote ni ya mita 305, lakini bei zimepishana sana. Nimekuta hata Cat6 inayouzwa chini ya Cat5e ya duka la jirani, nikaona nirudi nyumbani kwanza. Fundi umeme wangu anasema waya ni waya, nimpelekee wowote atapitisha humohumo kwenye paipu za umeme. Nifanyeje?

Kijana_wa_Sinza

Dada, ukuta haukatwi mara mbili. Weka Cat8 umalize kazi. Hata intaneti ikija kuongezeka kasi huko mbele, wewe umeshajipanga.

FundiMitandao_Tanga

Mama Naima, hongera kwa ujenzi, na umefanya vizuri kuuliza kabla ya plasta. Mimi kazi yangu ndiyo hii, kuvuta kebo kwenye maofisi, mahoteli na majumba ya watu.

Chukua Cat6 ya shaba tupu. Namba iliyoandikwa kwenye ganda ni jambo la pili. La kwanza ni kilichomo ndani.

Cat5e ya shaba inabeba gigabiti moja kwa sekunde mpaka mita 100, na vifurushi vingi vya fiba majumbani havifiki huko. Nakwambia Cat6 kwa sababu kebo inaingia ukutani, na tofauti ya bei ukiilinganisha na kubomoa plasta ni ndogo. Cat6 inaweza kubeba hata gigabiti 10 kama umbali hauzidi mita 55, na ndani ya nyumba ya vyumba vitatu huwezi kufika mita hizo. Ndugu yangu wa Sinza, Cat8 imetengenezwa kwa ajili ya vyumba vya seva. Kasi yake kubwa inaishia mita 30, ni nene na ngumu kuikunja kwenye paipu. Cat7 nayo ina ganda la chuma linalotaka kuunganishwa na ethi vizuri, na konekta zilizokusudiwa kwake si hizi tunazochomeka kwenye kompyuta. Waachie.

Sasa ile Cat6 iliyokushtua kwa bei. Karibu nina hakika ndani yake ni alumini iliyopakwa shaba kwa juu. Maboksi mengine yanaandika CCA kwa herufi ndogo, mengine hayaandiki kitu. Alumini inapitisha umeme kwa shida kuliko shaba, inakatika upesi, na kwenye kamera ndiyo inakutia hasara. Kamera hizi zinapata umeme kupitia kebo hiyohiyo ya data. Mchana inafanya kazi safi. Usiku taa zake za infraredi zikiwaka inahitaji umeme zaidi, volti zinazofika kule mwisho zinashuka, kamera inazima na kuwaka, inazima na kuwaka. Mwenye nyumba anabadilisha kamera, anabadilisha swichi ya mtandao (kile kifaa cha kugawa intaneti kwa kebo nyingi), kumbe tatizo liko ukutani. Nimeitwa kwenye nyumba za namna hiyo na inaniuma kila mara, kwa sababu mtu ameshalipia plasta na rangi.

Nenda dukani na wembe. Omba kipande, menya ganda, chukua uzi mmoja, menya plastiki yake, halafu ukwangue. Shaba ukiikwangua ni nyekundu mpaka ndani. Alumini inatoa weupe hapohapo. Kisha ukunje na kuunyoosha uzi palepale mara kadhaa: wa alumini unakatika ungali unahesabu, wa shaba unavumilia. Nyanyua na maboksi mawili, la shaba ni zito waziwazi. Muuzaji akikukatalia kukwangua, toka, Kariakoo maduka ni mengi.

Na mwambie fundi wako asipitishe kebo hii kwenye paipu za umeme. Iwe na paipu zake, umbali kidogo na za umeme, na pale zinapolazimika kukutana zipishane kama msalaba. Kwenye kona apinde paipu kwa springi, asiweke elbo kali, maana kebo ikikunjwa sana jozi za nyuzi zilizosokotwa ndani yake zinaharibika. Jambo jingine, mafundi umeme wamezoea kutoa waya soketi moja kwenda nyingine. Huku hapana. Kila sehemu iwe na kebo yake peke yake mpaka pale ruta na swichi zitakapokaa. Kwenye tivii weka mbili. Ongeza moja juu ya dari katikati ya korido, siku moja utaweka kifaa cha waifai hapo na simu za nyumba nzima zitanufaika.

MamaNaima_Goba

Asante sana, Mungu akubariki. Nimeenda leo na wembe kama ulivyosema. Ile ya bei ndogo ilitoa weupe kwenye mkwaruzo wa kwanza kabisa, na muuzaji mwenyewe akanyamaza. Nimenunua Cat6 nyingine, nyekundu mpaka ndani, na kwenye ganda imeandikwa 23AWG, yaani kipimo cha unene wa uzi. Limebaki hili: fundi anasema mpangilio wa rangi hauna maana, mradi pande zote mbili zifanane. Ni kweli?

FundiMitandao_Tanga

Si kweli, na nakuomba hapo usimkubalie. Ndani mna jozi nne zilizosokotwa, na kule kusokotwa ndiko kunakozuia jozi moja isiingilie nyingine. Kwenye konekta, pini ya 3 na ya 6 lazima ziwe za jozi moja. Akizipanga jozi zikifuatana tu, taa za kipimo cha bei nafuu zitawaka zote vizuri, lakini data itakuwa inapotea njiani na vikao vyako vitakatakata. Mpe mpangilio huu, pande zote mbili: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Asifumue msokoto zaidi ya sentimita moja hivi. Na akimaliza, chomeka kompyuta uangalie yenyewe inasema imeunganishwa kwa kasi gani. Ikisema 1000 (megabiti kwa sekunde, ndiyo gigabiti moja), sawa. Ikisema 100, kuna jozi haijashika, arudie konekta kabla hujamlipa.

Bibi_Mtaalamu

Nami niongezee kuhusu kile kibanda cha uani, naona hakijaguswa. Mama Naima, usivute kebo ya shaba kutoka nyumba moja kwenda nyingine. Kila jengo likiwa na ethi yake, radi ikipiga jirani umeme unatafuta njia kupitia kebo hiyo na unaondoka na vifaa vya pande zote mbili. Vuta fiba, ni kioo, haipitishi umeme. Unahitaji vigeuzi viwili vidogo vya kubadilisha mwanga wa fiba uingie kwenye kebo ya kawaida, kimoja kila upande, na paipu ya kufukia ardhini. Kebo za kamera za nje nazo ziwe zile nyeusi zilizotengenezwa kwa ajili ya jua, za ndani ganda lake linapasuka.

FundiMitandao_Tanga

Bibi amesema sawasawa, fuata hivyohivyo. Na kabla ya plasta acha kamba ya kuvutia kwenye kila paipu, kisha piga picha kila ukuta futi ya kupimia ikiwa imenyooshwa hapo. Siku unataka kutundika kabati, utajua pa kutoboa.